Barua ya Pasta na Feza ya Iniversite



Kila mwaka, kisha matokeo ya Egzame ya Leta kutoka, mulango wa nyumba yangu haufungwi tena. Siku ya kwanza ni furaha tupu: poda nyeupe ku vichwa vya watoto, nyimbo mu barabara, mama anakimbia bila viatu. Juma moja tu linapita. Kisha wazazi wanaanza kuja, mmoja mmoja, magaribi hasa, wanakaa ku kile kiti kilicho karibu na mulango. Wanauliza habari ya watoto wangu, wanauliza habari ya mvua. Mwisho wanasema: "Pasta, tulikuya juu ya ka-barua."

Barua wanayotaka ni ile ya kupeleka ku komine, ama kwa shefu, ama ku biro za provinsi, kusudi mtoto asaidiwe feza ya iniversite. Watu wanaamini kwamba muhuri wa kanisa unafungua milango. Kweli, mara moja moja unaifungua. Juu ya ile njo nataka tuzungumze mwezi huu.

Wazee wetu hawakuandika barua kama hizi. Mulizeni mzee yeyote aliyesoma ku Lubumbashi mu miaka ya 1970, ile wakati iniversite zote tatu, ya Kinshasa, ya Kisangani na ya Lubumbashi, zilikuwa zimeunganishwa na Mobutu mu 1971 kuwa moja tu ya Zaire. Atakuambia juu ya burse, na chumba, na chakula cha restora ya wanafunzi. Leta alikuwa baba. Hata hivyo tusidanganyane kwamba mambo yote yalikuwa asali. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa walitoka barabarani, na kati ya mambo waliyolilia ilikuwa burse. Askari wakapiga risasi, na vijana wakakufa. Burse ya wazee wetu ilikuwa na damu juu yake.

Kisha inchi ikaanguka mu madeni. Mu miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 ile burse ikapungua, ikachelewa, ikakuwa feza ya kununua mikate michache, na mwishoni ikazimika. Hapa kwetu tukaona anguko mara mbili, juu Zhekamini nayo ililala. Mugodi wa Kamoto ulibomoka mu Septemba 1990, mishahara ikakaa miezi na miezi, na mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatolewa na feza ya mukononi, ile tuliita kwenda kwa kupenda. Kupenda gani? Baba aliyekuwa anategemea Leta ku mukono moja na Zhekamini ku mukono wa pili akajikuta na mikono mitupu. Tangu pale muzazi njo analipa: minervali, feza ya egzame, silabusi, chumba cha kupanga, usafiri. Leo Leta analipa mishahara ya maprofesa, na hata hiyo kwa magomvi; mzigo wa mwanafunzi uko ku kichwa cha mama anayeuza samaki.

Sasa, mbona watu wanapeleka barua ku komine? Juu wamesikia habari ya feza ya migodi, na habari ile si bongo. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Kampuni inayochimba inalipa kodi inayoitwa redevansi, inayohesabiwa juu ya bei ya madini. Kwa shaba ni 3,5 ku mia. Kobalti, tangu iwekwe kati ya madini ya pekee mwishoni mwa 2018, ni 10 ku mia. Ile redevansi inakatwa vipande vine: 50 ku mia kwa Leta wa Kinshasa, 25 kwa provinsi, 15 kwa komine ama sekta ama sheferi ambamo mugodi uko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja.

Tufanye hesabu kidogo, ya mfano tu. Kama kampuni imeuzisha shaba ya dola milioni 100, redevansi ni dola 3 500 000. Kipande cha komine ni 525 000. Pembeni ya ile, kampuni inapashwa kutosha angalau 0,3 ku mia ya mauzo yake yote kwa ajili ya maendeleo ya vijiji na mitaa iliyo karibu na mugodi: mu mfano wetu ni dola 300 000. Unaona juu ya nini mama wa Fungurume ama wa Kolwezi, akisikia hesabu hizi ku redio, anachukua kalamu.

Lakini hapa niseme jambo ambalo wengi hawapendi kusikia. Sheria imeelekeza kile kipande cha komine ku majengo na kazi za faida ya watu wote: shule, dispansere, maji, barabara. Haikuandikwa juu ya minervali ya mtoto wako. Kwa hiyo kama burgumestre anakujibu kwamba feza ile haiwezi kulipa masomo ya mtu mumoja, usirudi nyumbani ukisema ni mwizi. Pengine ni mwizi, sijui. Lakini jibu hilo peke yake si ushuhuda wa wizi. Kuna komine zinazosaidia wanafunzi kwa feza nyingine. Na ile 0,3 ku mia ina wawakilishi wa vijiji ndani ya komite inayoisimamia, na miradi yake inaweza kugusa masomo. Pale njo pa kuuliza mapema. Mwakilishi wa mtaa wenu ni nani? Mulimuchagua lini? Niliuliza swali hili ku mukutano wa wababa, watu makumi ine walikuwa ndani, wawili tu walijua jina lake. Tunangoja mvua na ndoo imefunikwa.

Sasa nirudi ku ile barua yangu mimi.

Mu 2014 nilikuwa pasta kijana, niliyetoka ku shule ya Biblia miaka michache tu mbele, na nilikuwa napenda watu wanipende. Biro moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetangaza musaada kwa wanafunzi wapya, na iliomba kila kanisa kutoa jina la mtoto mumoja wa jamaa maskini. Baba mumoja akafika kwangu siku ya pili yake. Ni mutu wa suti nzuri, ndugu wa shemasi wetu. Akasema hana kazi tangu miaka miwili. Sikwenda kwake. Sikuuliza jirani. Nilikamata karatasi yenye kichwa cha kanisa, nikaandika mistari mitatu, nikagonga muhuri. Ilinichukua dakika tano, na nilijisikia mutu mwema siku muzima.

Juma lililofuata mama mujane akaja, muuzaji wa makala. Binti yake alikuwa amepata 71 ku mia. Yule kijana wa kwanza alikuwa na 53. Nilimwambia mama: "Mama, kanisa limekwisha kutoa jina." Alinitazama, akasema tu: "Asante, Pasta. Mungu ataona." Akabeba kikapo chake, akaenda.

Kisha miezi mitatu nilikuwa njiani kwenda Kasumbalesa, nikamuona yule baba asiye na kazi. Alikuwa anasimamia kupakia lori mbili, na lori zote mbili zilikuwa zake. Alinisalimia kwa sauti kubwa, akaninunulia fanta. Nami niliikunywa.

Yule binti hakusoma. Mwaka uliofuata aliolewa, leo ana watoto wane, anauza vitunguu ku soko. Ananisalimia vizuri kabisa kila mara. Afazali angenitukana.

Tangu pale nimejiwekea sheria: siandiki barua ya mtu ambaye sijakaa mu nyumba yake. Nikienda, natazama mufuko wa unga, natazama ni watu wangapi wanalala mu chumba kimoja, nauliza nani analeta feza na ngapi. Wengine wanakasirika. Wanasema Pasta amekuwa polisi. Sawa. Mutu anayeomba feza ya watu wote anakubali kutazamwa na watu, na mimi ninayegonga muhuri nitatazamwa na Mwingine. Someni Matendo 5, habari ya Anania na Safira. Hawakuhukumiwa juu walibakiza feza. Feza ilikuwa yao. Shida ilikuwa ile hesabu waliyoileta mbele ya kanisa.

Lakini kusema ukweli ni rahisi ku mimbari. Nisikilizeni hii.

Mu 2023 mzee mumoja wa kanisa letu alikuja. Ninamuheshimu sana mzee huyu. Njo yeye alinipokea siku nilipofika hapa na godoro moja na watoto wawili. Anaendesha mashini ku kampuni ndogo inayofanya kazi chini ya kampuni kubwa ya mugodi. Akasema: "Pasta, mutoto amepata diplome. Komine inatafuta bayatima ba kusaidia. Uniandikie tu asema ni yatima."

Nikasema: "Mzee, yatima namna gani, na wewe uko hapa?"

Akasema: "Pasta, unajua ni mutoto ya ndugu yangu. Ndugu yangu alikufa, mutoto alikuwa na miaka ine. Mama yake akarudia kwabo. Hauna kusema bongo. Ni yatima kweli."

Sasa wasomaji, mungefanya nini? Kwa karatasi za Leta mtoto ni yatima wa baba. Kwa desturi yetu si yatima hata kidogo: baba mukubwa ni baba, na mzee huyu alimulea, alimuvalisha, alimupiga alipokosa, alimubatizisha. Mbele ya shule alijiita baba yake miaka 14. Na mushahara uko, mwezi kwa mwezi, hata kama ni mudogo. Lakini nyumbani mule watoto ni wanane, wawili tayari wako ku iniversite, na mke wake ana ugonjwa wa sukari. Nilikwenda, nilikaa, nilihesabu naye hesabu ku gongo la daftari. Mushahara unaisha tarehe 12.

Kuandika "yatima" peke yake kungekuwa kweli yenye kisu ndani, juu msomaji wa barua angeona mtoto asiye na mutu. Kuandika "ana baba mwenye kazi" kungekuwa kweli yenye kumuua mtoto, juu msomaji angeona jamaa inayoweza. Nililala vibaya siku mbili. Mke wangu njo aliniambia: "Sasa wewe unachagua neno moja juu ya nini? Karatasi ni ndogo?" Nikacheka. Kisha nikaamka, nikaandika yote.

Niliiandika kwa Kifaransa, kama biro zinavyotaka, na maana yake ilikuwa hii: "Kijana huyu alifiwa na baba yake akiwa na miaka mine. Tangu pale analelewa na ndugu mukubwa wa baba yake, mzee wa kanisa letu, mwenye kazi ya mushahara ku kampuni moja. Nyumba ile ina watoto wanane, wawili wako ku iniversite, na mama wa nyumba ni mugonjwa. Baba mlezi anaweza kulipa sehemu ya feza ya masomo, si yote. Mimi mwenyewe nilifika mu nyumba hii tarehe fulani na nikaona mambo haya kwa macho yangu." Kisha jina langu, sahihi, muhuri, na namba yangu ya simu, kusudi mwenye mashaka apige.

Mzee alisoma mbele yangu, polepole. Akasema: "Pasta, hii barua itaangusha mutoto." Nikajibu: "Mzee, njo ile niliona." Hakusema neno tena. Aliikunja, akaiweka mu mufuko wa shati.

Mtoto hakuchukuliwa. Watoto watano walisaidiwa mwaka ule, na mumoja kati yao watu wote wa mtaa wanajua nyumba ya baba yake, iko na geti ya chuma na mashini ya umeme. Jumapili iliyofuata mzee aliondoka kanisani kwa mulango wa pembeni. Miezi mine hatukusalimiana isipokuwa mbele ya watu. Kijana akakamata pikipiki ya kukodi, akakuwa wewa, anabeba watu toka soko mpaka ku geti ya mugodi. Mara mbili alinibeba mimi, akakataa feza yangu. Kukaa nyuma ya mgongo wa kijana yule, na diplome yake ikiwa mu sanduku ya mama yake mulezi, ni jambo ambalo sitasahau upesi. Nilijiuliza njiani: kama ningekuwa nimeandika neno moja tu, "yatima", leo angekuwa ku oditoriumu? Pengine. Na yatima mwingine, asiye na baba mukubwa wala mushahara, angekuwa juu ya pikipiki ile. Siwezi kuwaambia kwamba mawazo haya yaliniponya.

Nataka sasa niwaambie mambo machache ya dosie, juu naona jamaa nyingi zinaanguka ku vitu vidogo, si ku umaskini.

Barua ya pasta si dosie. Ni karatasi moja ya pembeni. Biro inataka kwanza barua ya kuomba, iliyoandikwa na mtoto mwenyewe ama muzazi, yenye kusema wazi anaomba nini: feza ngapi, kwa masomo gani, ku iniversite gani, mwaka gani. "Tunaomba musaada" si ombi, ni kilio. Pamoja nayo weka kopi ya diplome, ama kama haijatoka, ile karatasi ya matokeo. Bultini za mwaka wa tano na wa sita. Karatasi ya kuzaliwa. Karatasi ya makao kutoka kwa shefu wa mtaa. Na karatasi ya iniversite yenye kuonyesha kwamba mtoto amepokelewa na feza inayotakiwa. Wengine wanaongeza karatasi ya umaskini ya komine, ile inaitwa endijansi. Hapo nawaonya: ile karatasi ni ya maskini kweli. Kama uko na mushahara, uache. Nimeona dosie moja iliyokuwa na karatasi ya endijansi juu, na chini yake kopi ya kadi ya kazi ya baba. Waliicheka bironi mbele ya mtoto.

Shefu wa mtaa anatoa karatasi ya makao, lakini mtaa hauna feza ya kodi ya migodi. Inayopokea kile kipande ni komine, ama sekta, ama sheferi. Watu wanapoteza miezi miwili ku mulango usio wake.

Fanya kopi mbili za kila kitu. Ukipeleka, wagonge muhuri wa kupokea ku kopi yako, na tarehe. Kama sekretere anasema "acha tu, baba, itafika", umujibu kwa upole, "ndiyo, mama, lakini naomba tarehe." Bila muhuri ule dosie yako haikufika kamwe, hata kama uliipeleka kwa miguu yako. Na ukirudi kuuliza, rudi na kopi mukononi. Munakumbuka mujane wa Luka 18 na yule mwamuzi. Alirudi, akarudi tena. Mimi naona kama aliishi leo angekuwa na kopi yenye muhuri.

Kuhusu wale wanaojiita wasukuma dosie: usiwape kitu. Wanasimama chini ya muti mbele ya biro, wanajua majina ya wakubwa wote, wanasema dola 20 tu na dosie inaenda juu ya zingine. Kwanza ni rushwa. Pili, hata mwenye kukubali rushwa anapoteza, juu mtu yule hana mukubwa yeyote, ana muti tu. Mama mumoja wa kikundi cha maombi alitoa dola 20, kisha 30, kisha simu ya binti yake. Simu ile ilionekana ku soko.

Na feza ikitolewa, omba ilipwe mbele ya macho, ku konti ya banki ya iniversite, kwa jina na namba ya mwanafunzi, na wewe ubaki na bordero. Feza inayopita mukononi mwa baba inakutana na kilio kingine njiani: matanga, mugonjwa, paa la nyumba. Sisemi ni wizi. Nasema nimeona minervali ikizikwa pamoja na mjomba.

Neno moja kwa wababa, na mutanivumilia. Kwa nini karibu kila barua ninayoombwa ni ya kijana mwanaume? Mwaka jana, ku barua kumi na moja, binti walikuwa wawili. Nikiuliza, baba anasema: "Ule ataolewa." Sawa, ataolewa. Lakini mimi nina muuzaji wa vitunguu mwenye 71 ku mia ninayekutana naye ku soko kila juma, kwa hiyo musinipatie jibu hilo.

Kanisa letu nalo lilianza kitu kidogo kisha mambo haya. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakusanya sadaka ya masomo. Si nyingi. Haisomeshi mtu mwaka muzima, lakini inaweza kulipa feza ya kujiandikisha, ama ile sehemu ya mwisho ambayo bila yake mwanafunzi anafukuzwa ku mulango wa egzame. Tunaitoa kama mukopo bila riba, mbele ya komite ya watu watano, wamama watatu ndani. Wawili wamelipa tayari. Mumoja ametoroka Kinshasa, simu yake haipiti.

Mwaka uliopita, kisha matokeo kutoka tena, nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba magaribi. Yule mzee akaja. Hakuuliza habari ya watoto wala ya mvua. Alisimama tu, akasema: "Kontra ya kampuni yetu imekwisha. Batu sitini tumerudi nyumbani. Pasta, sasa unaweza kuandika ile nilikuomba."

Nilimupa kiti. Mke wangu alileta maji, kisha bukari na samaki, tukakula tukiwa kimya. Asubuhi nilikwenda kwake tena, kama sheria yangu inavyotaka, nikakaa ku kiti kile kile, nikahesabu tena. Sukari ya mama ilikuwa imepanda. Mumoja wa wale wawili wa iniversite alikuwa amesimamisha masomo. Niliandika barua kama ile ya kwanza, mustari kwa mustari. Nilibadilisha tu fasi ya kazi na hesabu ya wanafunzi. Niliacha mule ndani kwamba alimulea kijana miaka 15.

Kijana mwenyewe alipeleka dosie na pikipiki yake. Alirudi na kopi yenye muhuri wa kupokea, akanionyesha tarehe, kisha akaifunga mu plastiki na kuiweka ndani ya Biblia yake. Anapita komine kila Jumanne.